Sigara ya Kielektroniki Safarini: Kupanda Nayo Ndegeni si Ruhusa ya Kushuka Nayo

Sigara ya kielektroniki, ambayo wengi sasa huiita vepu, ni kifaa chepesi kinachoenea kiganjani: betri, waya mdogo unaopasha moto, na kichupa cha majimaji ambayo aghalabu huwa na nikotini. Kwa kuwa hukaa mfukoni pamoja na simu na funguo, mwenye nacho huzoea kutembea nacho bila kukifikiria, na siku ya safari hukipakia kama anavyopakia chaja ya simu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Ziko nchi ambazo zimekipiga marufuku kifaa hiki, na baadhi yake ni nchi ambazo watu wa Afrika Mashariki huziendea kila siku kwa matibabu, kazi, biashara, masomo au matembezi. Anayeshuka nacho huko hachukuliwi kuwa mvutaji aliyesahau. Huchukuliwa kuwa mtu aliyeingiza nchini bidhaa iliyokatazwa.

Makala haya hayajadili iwapo mtu avute au asivute. Yanamhusu msafiri ambaye tayari anakitumia kifaa hiki, au aliyeombwa kumbebea mwenzake, na ambaye kosa dogo la kutouliza linaweza kumgharimu nauli, viza au kazi aliyoihangaikia kwa miaka.

Milango miwili, maswali mawili

Msafiri aliyenyang'anywa kifaa chake ng'ambo huwa na hoja moja: "Mbona katika uwanja wa ndege wa nyumbani walikiona kwenye mashine na wakaniruhusu nipite?" Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii. Mkaguzi wa usalama katika kiwanja cha kuondokea ana swali moja tu: je, kitu hiki kinaweza kuidhuru ndege? Afisa wa forodha katika kiwanja cha kufikia ana swali lake: je, sheria ya nchi hii inakubali kitu hiki kiingie? Jibu la mmoja halimfungi mwingine. Hata shirika la ndege halina wajibu wa kumweleza abiria sheria za kila nchi linakotua, na masharti ya tiketi karibu yote humwachia abiria mwenyewe jukumu hilo.

Upande wa usalama wa ndege, kanuni zinafanana karibu duniani kote. Tangu Juni 2015, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza sigara za kielektroniki kuwekwa katika mizigo mikubwa inayokabidhiwa kaunta, na limekataza kuzichaji ndani ya ndege. Sababu ni betri ya lithiamu. Betri hiyo ikipata hitilafu, au kitufe cha kifaa kikibanwa na nguo hadi waya ukapata moto, yaweza kuwaka. Ikiwaka katika chumba cha abiria, wahudumu wataiona na kuizima. Ikiwaka chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona mapema. Kwa hiyo kifaa hukaa katika begi la mkononi au mwilini, kikiwa kimezimwa, na betri za akiba hufunikwa ncha zake au kutiwa katika kikasha chake zisigusane na funguo wala sarafu. Ukomo wa kawaida wa betri ni wati-saa 100. Kipimo hicho hupatikana kwa kuzidisha volti kwa amperi-saa, na betri ya duara yenye volti 3.7 na amperi-saa 3 ina wati-saa 11.1 tu. Ni nadra, basi, kifaa cha kawaida kukataliwa kwa ukubwa wa betri. Majimaji hufuata kanuni ya vimiminika vya mkononi: katika viwanja vingi, kila chupa isizidi mililita 100, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wenye ujazo wa lita moja.

Kuna mtego mdogo hapa ambao huwapata hata wasafiri wazoefu. Ndege ikijaa, wahudumu huchukua mabegi ya mkononi langoni na kuyapeleka chini pamoja na mizigo mikubwa. Begi lililokuwa halali kwa muda wa saa mbili sasa linakiuka kanuni. Kabla ya kulikabidhi, toa kifaa na betri zote, ubaki nazo.

Msafiri aliyetimiza haya yote amemaliza mlango wa kwanza tu.

Soma kitenzi cha sheria

Watu husema kwa mkato kwamba nchi fulani "imekataza vepu", lakini neno hilo peke yake halimwambii msafiri lolote la kumsaidia. Linalofaa kuulizwa ni kitenzi: imekataza kuuza, kuingiza, kumiliki, au kuvuta? Uingereza ilikataza uuzaji wa vifaa vya kutumia na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na Ubelgiji ilitangulia tarehe 1 Januari 2025. Huko aliyebanwa ni muuza duka. Msafiri mwenye kifaa chake mfukoni hana kesi. Kinyume chake, nchi iliyokataza kuingiza inamgusa kila anayevuka mpaka, hata kama ndani ya nchi hiyo hakuna sheria inayomzuia mtu kuvuta.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Uganda. Sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuingiza, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za kielektroniki, sambamba na shisha na tumbaku yenye ladha. Abiria wa basi anayetoka Nairobi, ambako bidhaa hizi huuzwa madukani na kutozwa ushuru, anavuka Busia au Malaba na kuingia katika sheria nyingine kabisa kabla chai yake haijapoa. Ethiopia nayo ilizikataza kwa tangazo lake la mwaka 2019 kuhusu vyakula na dawa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba jambo hili ni la nchi za mbali tu.

India yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa familia nyingi za kwetu humpeleka mgonjwa Chennai, Mumbai au Delhi, na mgonjwa huyo husindikizwa na ndugu aghalabu aliye kijana. Amri ya kwanza ya serikali ya India ilitoka Septemba 2019, na sheria kamili ya Bunge ikafuata Desemba mwaka huohuo. Sheria hiyo inakataza kutengeneza, kuingiza, kupeleka nje, kusafirisha, kuuza, kugawa, kuhifadhi na kutangaza sigara za kielektroniki za aina zote, ziwe na nikotini au zisiwe nayo. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, au kutozwa faini isiyozidi rupia 100,000, au yote mawili. Akirudia, kifungo ni hadi miaka mitatu na faini hadi rupia 500,000. Hata kuhifadhi tu kuna adhabu yake: hadi miezi sita, au faini hadi rupia 50,000, au vyote viwili.

Wapo wanaojipa moyo kwamba orodha hiyo haina neno "kuvuta". Ni kweli haina. Lakini mgeni hawezi kuvuta kifaa chake ndani ya India bila kwanza kukivusha mpakani, na kukivusha mpakani ndiko kuingiza. Tafsiri ya kujifariji namna hii ni hatari zaidi kwa mtu aliyekwenda kumuuguza mzazi. Akizuiliwa uwanjani, mgonjwa aliye kwenye kiti cha magurudumu anabaki bila wa kumsemea hospitalini.

Thailand huwachanganya wageni kwa namna yake. Uingizaji ulikatazwa mwishoni mwa mwaka 2014 na uuzaji mwaka 2015. Anayeingiza anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka kumi, au faini ya mara tano ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Aliyekutwa nacho barabarani anaweza kushtakiwa kwa sheria ya forodha kwamba anamiliki bidhaa iliyoingizwa kwa magendo, na kifungo chake ni hadi miaka mitano au faini ya mara nne ya thamani pamoja na ushuru. Pamoja na ukali huo, mgeni atembeaye Bangkok huweza kuona vifaa vikiuzwa kwenye meza za masoko ya usiku. Tangu Juni 2022, bangi ilipoondolewa katika orodha ya dawa za kulevya, aliona pia maduka ya bangi yenye mabango ya kumetameta. Akahitimisha kwamba sigara ya mvuke haiwezi kuwa kosa kubwa. Kuona kitu kikiuzwa si ushahidi kwamba ni halali. Kwetu pia ziko bidhaa haramu zinazouzwa mchana kweupe.

Mwezi Januari 2023 mwigizaji mmoja kutoka Taiwan alieleza hadharani kwamba polisi katika kizuizi cha barabarani mjini Bangkok walimtoza baht 27,000 baada ya kukuta vifaa hivi. Jambo hilo lilizua mjadala mkubwa nchini humo, uchunguzi ukafanywa, na maafisa kadhaa wakachukuliwa hatua. Tunalitaja kwa sababu moja. Mtu aliyekutwa na bidhaa haramu hana nguvu ya kubishana na anayemdai fedha isiyo na stakabadhi, na udhaifu huo huanza pale alipofunga begi lake nyumbani.

Singapore imekwenda mbali zaidi. Kuingiza na kuuza vilikuwa vimekatazwa zamani, na tangu tarehe 1 Februari 2018 kununua, kumiliki na kuvuta navyo ni makosa. Kuanzia Septemba 2025 adhabu zimeongezwa: mtu mzima aliyekamatwa kwa mara ya kwanza hutozwa dola 700 za nchi hiyo, na mtoto wa chini ya miaka 18 hutozwa 500. Mgeni anayeishi huko kwa kibali cha kazi au masomo anaweza kufutiwa kibali akirudia, na mgeni wa muda mfupi anaweza kuzuiwa kuingia tena. Ongezeko hilo lilitokana na vichupa vilivyokutwa na etomideti, dawa ya usingizi ya hospitalini, ambayo tarehe hiyohiyo iliwekwa katika sheria ya dawa za kulevya. Hili lina maana kwa yeyote anayenunua kichupa kisicho na maandishi ya kueleweka: hajui alichokibeba, na afisa hatamwamini akisema hajui.

Kwa wafanyabiashara wanaokwenda Uchina, angalizo letu ni Hong Kong. Vifaa vingi vinavyouzwa duniani hutengenezwa Shenzhen, mji ulio ng'ambo ya pili ya mpaka na Hong Kong. Mfanyabiashara hupewa sampuli kiwandani, huiweka begini, kisha huvuka kwenda kupanda ndege. Lakini Hong Kong ilikataza kuingiza bidhaa hizi kuanzia tarehe 30 Aprili 2022, na adhabu ya juu kabisa ni faini ya dola milioni 2 za Hong Kong na kifungo cha miaka saba. Sampuli ya bure yaweza kuwa bidhaa ghali kuliko kontena zima.

Ghuba si nchi moja

Kosa la mara kwa mara kwa wanaokwenda Uarabuni ni kuichukua Ghuba yote kama nchi yenye sheria moja. Umoja wa Falme za Kiarabu umeruhusu uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa masharti ya viwango tangu mwaka 2019, na ndiyo maana maduka ya Dubai yamejaa bidhaa hizo. Qatar imezikataza kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2016. Oman ilikataza uuzaji wake mwaka 2015 na kuitilia nguvu amri hiyo upya mwaka 2023. Na huko amri ilitolewa na mamlaka ya kuwalinda walaji yenyewe, si ya afya. Kutoka Dubai hadi Maskati ni mwendo wa saa moja hivi kwa ndege, na wengi wenye jamaa pande zote mbili huenda kwa gari. Anayenunua kifaa halali Dubai asubuhi anaweza kuwa na bidhaa iliyokatazwa kabla ya magharibi, na stakabadhi ya dukani aliyonayo inathibitisha tu mahali alipokinunua.

Kwa anayekwenda kazini, hatari haiko kwenye faini pekee. Kibali chake cha kukaa kimefungamana na mwajiri, na mwajiri asiyetaka usumbufu na polisi hana haja ya kusubiri hukumu.

Jambo jingine lisilohusu nikotini hata kidogo: kichupa chenye mafuta ya bangi, hata kama kilinunuliwa kihalali Ulaya au Marekani na hata kama kina ile sehemu ya mmea isiyolevya, katika nchi nyingi za Ghuba na Asia huhesabiwa kuwa dawa za kulevya. Hapo hatuzungumzi tena kuhusu sigara. Asiwepo msafiri wa kujaribu.

Kupita tu njiani

Wengi wetu hatufiki tuendako kwa ndege moja. Tunapitia Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Mumbai. Je, anayepita tu ameingia katika nchi hiyo? Kwa kawaida abiria mwenye tiketi moja, ambaye mizigo yake imeandikiwa hadi mwisho wa safari na ambaye habanduki katika eneo la kusubiri, hapiti kwenye forodha. Lakini hali hiyo hubadilika upesi. Tiketi mbili tofauti zilizonunuliwa kwa bei nafuu humlazimu abiria atoke, achukue mizigo yake na kuikabidhi upya. Ndege ikichelewa, au ikiwa muda wa kusubiri ni mrefu, shirika humpeleka abiria hotelini mjini. Basi la hoteli liko nje ya lango la uhamiaji na forodha. Kilichokuwa begini bila shida kimeingizwa nchini. Wanaopitia Addis Ababa na kulala hotelini kwa gharama ya shirika walifikirie hili kabla ya kuondoka nyumbani.

Tena, eneo la kusubiri si eneo lisilo na sheria. Liko ndani ya nchi, na sheria za nchi zaweza kutumika humo. Kuvuta mvuke chooni katika kiwanja cha nchi iliyokataza ni kujitafutia balaa.

Mzigo wa kubebeshwa

Desturi yetu ya kubebeana mizigo ni njema. Ndugu akisafiri, shangazi humpa unga wa ubuyu ampelekee binamu, na rafiki humpa kibahasha. Siku hizi kibahasha hicho huweza kuwa na vifaa vitano vya kuvutia mvuke, kwa kuwa aliye Doha au Maskati havipati dukani. Aliyetuma hatasimama mbele ya afisa wa forodha. Atakayesimama ni mwenye jina kwenye begi. Na vifaa vitano havionekani kama vya kujitumia, huonekana kama vya biashara. Fungua kila unachopewa mbele ya aliyekupa, na ukikuta kifaa, betri, kichupa au hata chaja yake maalumu, rudisha. Asiyekubali mzigo wake ufunguliwe amekwisha kukujibu.

Kutuma kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi hakubadilishi lolote, kwa maana nchi iliyokataza kuingiza imekataza pia kifurushi.

Ulize nini, umwulize nani

Muuza duka si mtu wa kuulizwa, wala duka lisilotoza ushuru katika kiwanja cha ndege. Duka hilo linafuata sheria ya nchi lilipo, na halijui pasi yako ya kupandia inakupeleka wapi. Waulize mamlaka ya forodha ya nchi uendayo kupitia tovuti yake rasmi, au ubalozi wake. Na kama umeomba viza, swali hilo linaweza kwenda pamoja na maombi. Liulize kwa ukamilifu: "Je, msafiri wa umri wangu anaruhusiwa kuingia na sigara ya kielektroniki na majimaji yenye nikotini kwa matumizi yake mwenyewe, na kwa kiasi gani?" Jibu lihifadhiwe kwa maandishi. Uliza hivyo pia kwa kila nchi ambako utatoka nje ya kiwanja.

Sababu ya kutaja kiasi ni kwamba baadhi ya nchi huruhusu kidogo. Australia, ambayo tangu Machi 2024 imezuia uingizaji usio na leseni, humruhusu msafiri kuingia na vifaa visivyozidi viwili, vipuri 20 na mililita 200 za majimaji, kwa matumizi yake au ya mtu anayemhudumia aliye naye safarini. Japani huyahesabu majimaji yenye nikotini kuwa dawa, na humruhusu mgeni mililita 120, kiasi kinachokadiriwa kumtosha mwezi mmoja. Aliyeuliza tu kama "vepu zinaruhusiwa" angejibiwa ndiyo au hapana, na majibu yote mawili yangempotosha.

Uliza karibu na siku ya safari. Visiwa vya Maldivi, kwa mfano, viliwaruhusu watalii kuvuta hadi sheria ilipobadilishwa, na tangu tarehe 15 Desemba 2024 kumiliki na kutumia ni makosa kwa mwenyeji na mgeni. Vietnam ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2025. Ushauri wa jirani aliyekwenda miaka mitatu iliyopita umepitwa na wakati hata kama jirani ni mkweli.

Siku kumi bila mvuke

Ushauri wetu kwa anayekwenda katika nchi zilizokataza ni kuacha kila kitu nyumbani. Twajua kwamba ni rahisi kusema. Nikotini hujenga uraibu, na anayeikosa ghafla hupata hasira za haraka, kutotulia na kushindwa kukaza fikira. Dalili hizo huanza ndani ya siku moja, huwa kali katika siku chache za mwanzo, kisha hupungua kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Mtu wa namna hiyo akiwa katika safari ya saa kumi, au kando ya kitanda cha mgonjwa, hushawishika kuficha kifaa kimoja. Ni afadhali kulikabili jambo hili mapema kuliko kulikana.

Ziko plasta za nikotini za kubandika mwilini na ubani wa kutafuna wenye nikotini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwone mfamasia wiki moja au mbili kabla ya safari ili akupangie kiwango na uvijaribu ukiwa nyumbani. Vibebe katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na uulize kuhusu vyenyewe pia. Singapore ilikataza uingizaji wa ubani wa kutafuna tangu mwaka 1992, na tangu 2004 ubani wa tiba hutolewa na wafamasia wa huko; hivyo anayekwenda Singapore na achague plasta. Wala asidhani kwamba sigara za kawaida ni njia ya mkato: nchi hiyo haimpi msafiri msamaha wa ushuru hata kwa sigara moja.

Ukikikumbuka baada ya kutua

Hutokea. Mtu ameshuka, yuko kwenye foleni ya uhamiaji, mkono unagusa kitu katika mfuko wa koti. Usikitupe katika pipa la kawaida, kwa kuwa betri yaweza kuwasha moto na kamera zinakuona. Usikitie katika begi la mtoto. Nenda njia nyekundu ya forodha, ile ya wenye bidhaa za kutangaza, useme mwenyewe kabla hujaulizwa. Singapore huwahimiza wasafiri wanaowasili kufanya hivyo ili kifaa kichukuliwe bila adhabu. Si kila nchi iliyotoa ahadi kama hiyo, lakini hakuna nchi ambako aliyekutwa akificha huwa katika hali bora kuliko aliyetangaza.

Kifaa kikichukuliwa, omba stakabadhi, wala usitarajie fidia; bima za safari kwa kawaida hazilipi mali iliyotaifishwa kwa sheria. Ukitakiwa kulipa faini, lipa katika kaunta rasmi na upewe risiti yenye nambari. Ukizuiliwa, omba mkalimani, na usitie saini karatasi ambayo hukuielewa. Unayo haki, chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, ya kutaka ubalozi wa nchi yako ujulishwe bila kuchelewa. Ubalozi hauwezi kukutoa rumande wala kukulipia faini, lakini unaweza kukutembelea, kuwaarifu jamaa zako na kukupa orodha ya mawakili. Nambari yake iandikwe katika karatasi na iwekwe ndani ya pasipoti, kwa maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.